Kilo za Mushi, Jina la Massawe

Ushirika wa kahawa mlimani Kilimanjaro umeishi kwa daftari tangu kabla chama kikuu cha KNCU hakijaundwa mwaka 1933. Siku hizi daftari la baadhi ya vyama vya msingi ni faili la Excel: namba ya mwanachama, jina, tarehe, kilo. Mkulima wa Kibosho au Marangu huleta kahawa kwa vipindi, kidogo kidogo, na chama kinapolipa kwa awamu, malipo ya pili hufuata kilo zilizoandikwa mbele ya jina lake.

Makarani wengi wanaogopa fomula. Mimi naogopa zaidi hatua inayotangulia, ya kuchagua seli.

Chukua kazi ya kupanga majina kwa alfabeti. Karani anabofya herufi iliyo juu ya safu ya majina, safu nzima inakolea rangi, kisha anaamuru ipangwe. Excel inamuuliza: nipanue eneo ulilochagua, au niendelee na hili tu? Mwenye haraka huendelea. Majina yanahama, namba na kilo zinabaki zilipokuwa. Kibaya zaidi, jumla ya kilo haibadiliki hata chembe, kwa hiyo ukaguzi wa jumla hauoni kitu. Na katika orodha iliyojaa akina Mushi na Massawe, hata jicho la mwenyeji halishtuki.

Dawa yake ni nyepesi. Bofya seli moja tu ndani ya jedwali, kisha Ctrl na A: jedwali lote linachaguliwa, na kila mtu anahama na kilo zake. Ila linachaguliwa hadi penye mstari mtupu. Tuna mazoea, tuliyoyatoa kwenye karatasi, ya kuruka mstari kila siku mpya ya mapokezi. Kwenye kompyuta mstari huo ni ukuta. Hata Ctrl na Shift pamoja na mshale wa chini huishia hapo, na waliopokelewa siku zinazofuata wanaachwa nje. Usiruke mstari. Safu ya tarehe inatosha kutenganisha siku.

Orodha ikiwa ndefu, bofya seli ya kwanza, shuka hadi mwisho, shika Shift, bofya ya mwisho. Ukitaka majina na kilo bila tarehe iliyo katikati, chagua safu moja, shika Ctrl, chagua nyingine.

Kisha tazama ukingo wa chini wa dirisha. Hapo Excel huonyesha idadi ya seli zenye kitu ulizochagua na jumla yake. Aliyeandika "45kg" badala ya 45 ameandika maneno: seli yake inahesabiwa kwenye idadi, lakini kilo zake haziingii kwenye jumla. Neno kilo liwekwe kwenye kichwa cha safu, basi.

Kosa la kupanga likigunduliwa papo hapo, Ctrl na Z hulitengua. Faili likishahifadhiwa na kufungwa bila nakala, zinabaki stakabadhi za mizani, kupitiwa moja baada ya nyingine.