Kuvu: Jirani Tusiyemwona

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Ndugu msomaji, methali hii ilizaliwa pwani, lakini hata sisi wa Kocholia tusio na bahari yatufaa. Mvua ya masika ikianza kunyesha, uyoga huchomoza juu ya vichuguu, na watoto hukimbia na vikapu kabla jirani hajafika. Wengi hudhani kwamba ni mmea uliozuka usiku mmoja. La hasha!

Uyoga si mmea. Ni kama tunda la kiumbe kiitwacho kuvu. Mwili wenyewe umejificha udongoni au ndani ya gogo lililooza, nao ni nyuzi nyembamba zilizotandaa kama utando wa buibui. Mmea hujipikia chakula kwa mwanga wa jua. Kuvu haina uwezo huo. Yenyewe hutoa majimaji yanayoyeyusha chakula nje ya mwili wake, kisha hukifyonza. Sisi twala ndipo tumeng'enye; kuvu humeng'enya ndipo ile!

Sasa turudi kwenye kichuguu. Mchwa hupenda nyasi kavu na miti, lakini chakula hicho ni kigumu mno kwa tumbo lake. Afanyeje basi? Mchwa vibarua hukitafuna, wakakipitisha tumboni, halafu wakakirundika katika vyumba vya chini kwa umbo la sega. Juu ya sega hilo hustawi kuvu ambayo wataalamu huiita Termitomyces. Kuvu hulainisha yale makapi, na mchwa wakala. Kumbe mchwa ni wakulima! Tena kilimo chao kilianza hapa Afrika yapata miaka milioni 30 iliyopita, zamani kabla ya binadamu kushika jembe. Ndiyo maana ukifukua shina la uyoga wa kichuguu utaona linateremka chini hadi kwenye shamba la mchwa. Huko Zambia iko aina ambayo kofia yake hufikia upana wa mita 1. Lakini tahadhari: si kila uyoga huliwa, na mwingine huua. Usichume usioujua, waulize wazee kwanza.

Kazi za kuvu haziishii hapo. Majani yaangukayo na miti ifayo, kuvu ndizo huyaozesha yakawa mbolea. Bila hizo tungezikwa na takataka. Nyingine hushikana na mizizi ya mimea na kuisaidia kufyonza maji na madini, nazo hulipwa sukari. Hamira inayoumua mandazi ni kuvu. Ile ajon ya wimbi ambayo wazee wa Kiteso huinywa kwa mirija mirefu, chachu yake pia ni kuvu. Hata dawa ya penisilini ilitokana na kuvu, baada ya Alexander Fleming kuigundua huko London mwaka wa 1928.

Hata hivyo, katika kila ukoo hakukosi mkorofi. Mkorofi wa ukoo huu anaitwa Aspergillus flavus. Ni ukungu wa rangi ya kijani na manjano unaoshika mahindi na njugu zisizokauka vizuri. Ukungu huu hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo huharibu ini na huweza kuleta saratani. Mwaka wa 2004 watu 317 waliugua katika sehemu za Ukambani, hasa Makueni na Kitui, na 125 kati yao wakafa. Walikula nini? Mahindi yao wenyewe, yaliyowekwa nyumbani yakiwa na unyevu.

Nasi mpakani tumeyaonja. Mwezi wa Machi 2021 Kenya ilipiga marufuku mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa ajili ya sumu hiyo, na malori yakakwama. Siku chache baadaye marufuku iliondolewa kwa masharti, mojawapo likiwa cheti cha kuonyesha kwamba sumu haizidi sehemu 10 katika kila sehemu bilioni. Kitu kidogo hivyo kilifunga njia ya Malaba na Busia!

Wengine husema eti mahindi yenye ukungu yakichemshwa sana au yakisagwa yanafaa. Si kweli. Moto wa jikoni hauimalizi sumu hii. Wengine huwapa kuku na ng'ombe. Ng'ombe akiyala, sumu hupita kwenye maziwa, na anayekunywa ni mtoto.

Basi tufanyeje? Kwanza, mahindi yetu huvunwa mwezi wa Julai na Agosti wakati mvua bado ipo, kwa hiyo yaanikwe juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu. Pili, yapime kabla ya kuyatia guniani. Chukua chupa kavu, tia mahindi na chumvi kavu kidogo, tikisa vizuri. Chumvi ikigandamana na chupa, rudisha mahindi juani. Tatu, gunia liwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Nne, punje zilizooza zitupwe, hata kama roho inauma.

Wataalamu nao wamekumbuka kwamba dawa ya moto ni moto. Wanatumia Aflasafe, yaani kuvu ya jamii ile ile isiyotoa sumu. Mkulima huinyunyiza shambani kabla mahindi hayajatoa mbelewele, nayo ikamnyang'anya yule mkorofi nafasi.

Msomaji mpenzi, kuvu hatuwezi kuikimbia, maana imo udongoni, hewani na chunguni. Tujifunze kuijua. Ile ya kichuguu tuilinde kwa kutobomoa vichuguu ovyo, na ile ya ghalani tuinyime maji. Likizo ikifika, ukikuta mama anaanika mahindi, usipite tu. Omba chupa na chumvi.