Ukigongwa na Lori la Jeshi, Unamshtaki Nani? (Sehemu ya Pili)

Wiki jana tuliliacha lori la kijeshi likiteremka taratibu kuelekea daraja la Nithi, na nyuma yake pikapu ya miraa kutoka Maua ikipiga honi kama iliyopagawa. Je, mwenye pikapu alilazimika kusubiri?

Kupisha msafara wa jeshi ni heshima, na mbele ya tani zile ni akili pia. Askari wa trafiki akisimama njiani akainua mkono, hapo ni amri. Lakini herufi KA kwenye namba ya gari la jeshi hazimfanyi dereva kuwa mtu wa aina nyingine. Sheria ya Mashtaka Dhidi ya Serikali, Sura ya 40, inaiwajibisha serikali kwa makosa ya mtumishi wake akiwa kazini, sawa na tajiri yeyote mwenye gari. Hakimu atauliza yale yale anayomwuliza dereva wa matatu: ulipitaje sokoni Chogoria, penye kikomo cha kilomita 50 kwa saa? Ulikuwa upande gani wa barabara?

Tofauti huanza baada ya mgongano. Chukua abstrakti ya polisi uitazame: kuna mahali pa kujaza jina la kampuni ya bima. Kwa lori la jeshi usishangae pakiwa patupu, maana Sura ya 405, inayomlazimisha kila mwenye gari kumkatia bima mtu wa tatu, imeyaacha nje magari ya serikali. Hakuna wa kumwandikia barua ya madai Nairobi. Mshtakiwa wako ni Mwanasheria Mkuu.

Hapa ndipo watu wanapoumia mara ya pili. Tuseme kijana wa boda amevunjwa mguu Runyenjes, Machi 2024. Angegongwa na matatu, angekuwa na miaka 3 ya kufungua kesi. Dhidi ya serikali, sheria nyingine, Sura ya 39, inampa miezi 12 tu. Miezi 4 iko kwenye plasta, mingine inaishia kwenye ahadi kwamba wakubwa wa kambi watakuja kuzungumza na familia. Mazungumzo ni mazuri, ila hata yakiketiwa na wazee wa Njuri Ncheke wenyewe hayasimamishi saa ya sheria. Machi 2025 mlango umefungwa. Mimi ningefungua kesi kwanza, chai ya upatanisho tuinywe baadaye.

Ile notisi ya siku 30 kabla ya kuishtaki serikali, Mahakama Kuu ilisema mwaka 2012 kwamba haipatani na Katiba. Mawakili wengi bado huituma, kwa tahadhari.

Na ukishinda? Dalali anayekokota matatu kwa amri ya mahakama hawezi kukanyaga kambini kukamata lori, kwa kuwa mali ya serikali haikamatwi. Utachukua cheti cha hukumu, ukipeleke kwa afisa anayesimamia fedha za wizara, naye akikaa kimya urudi Mahakama Kuu kuomba alazimishwe kulipa. Ni safari ndefu kuliko ya Embu hadi Meru, na haina njia ya mkato.

Wiki ijayo tutapanda hadi Timau, wanakopita wanajeshi wa Uingereza wakitoka Nanyuki kwenda mazoezini Archer's Post. Wao wana mkataba wao, uliotiwa saini 2021.