Pera la Lubaga na Afya ya Askari

Askari atokaye Gulu au Moroto, apangiwapo zamu Lubaga, husikia neno moja likitumika kwa mambo mawili. Mama auzaye matunda kando ya barabara hunadi "mapeera", na muumini atokaye kanisani humtaja Mapeera kwa heshima. Huyo ni Padri Siméon Lourdel, Mfaransa wa shirika la Mapadri Weupe, aliyeshuka Kigungu, karibu na Entebbe, tarehe 17 Februari, 1879. Wenzake walimwita "mon père", yaani "baba yangu", na masikio ya Waganda yakalipokea neno hilo kama Mapeera. Jina likamganda hadi alipofariki tarehe 12 Mei, 1890.

Mpera nao ni mgeni. Asili yake ni nchi za joto za Amerika, na Wareno walikuwa miongoni mwa walioueneza duniani. Siku hizi hauhitaji mpandaji: ndege humeza mbegu, na mti huchipua nyuma ya jiko.

Jambo linalotuhusu sisi tuvaao sare ni hili. Gramu 100 za pera zina takriban miligramu 200 za vitamini C, zaidi ya mara tatu ya zile za chungwa. Alaye posho na maharagwe miezi mfululizo, bila tunda wala mboga, hupungukiwa vitamini hiyo. Ufizi hutoka damu na vidonda huchelewa kupona. Ugonjwa huo, kiseyeye, uliwaua mabaharia wengi wa zamani bila adui kufyatua mzinga.

Hata hivyo, katika kambi moja niliyopata kutumikia, ilipotolewa amri ya usafi mipera ndiyo iliyotangulia kukatwa, eti matunda yaliyooza yalileta nzi. Jioni ile ile askari walikwenda sokoni kununua mapera kwa fedha zao! Dawa ya nzi ni kuyaokota yaliyoanguka kila asubuhi na kuyafukia, kazi ya askari wawili, hasa walio adhabuni.

Majani yake machanga, yakichemshwa, hutumiwa na wazee kutuliza tumbo la kuhara. Lakini aharishaye damu asingoje majani, aende zahanati.

Mbegu za pera lililoiva zioshwe, zioteshwe kitaluni, na miche ihamishwe mvua za Machi au Septemba zianzapo. Mti huanza kuzaa baada ya miaka miwili hadi minne. Huenda kikosi kilichoupanda kitakuwa kimekwisha hamishwa, na watakaoyachuma ni wengine.