Chumba Kitupu Hakilipi Kodi

Apitaye katika mitaa ya Magomeni, Temeke au Buguruni, jijini Dar es Salaam, hakosi kuona kibao kilichoandikwa kwa mkono: "Chumba kinapangishwa". Vibao vingine hukaa hata maandishi yakafifia kwa jua. Mwenye nyumba, akiwa ameketi barazani, atakueleza kwamba wapangaji wa siku hizi ni watu wa kuchagua mno. Huja, hutazama, huaga, wala hawarudi. Sisi twaona yafaa naye aulizwe: hao waliokuja, walitazama nini?

Walitazama uani. Nyumba ya Kiswahili kama tuijuavyo ina vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, na nyuma yake kuna ua wenye jiko, bafu na choo cha wote. Mpangaji hulipia chumba kimoja, lakini nusu ya maisha yake hupita katika ua ule. Hapo ndipo apikapo, afuapo, aogapo na agombanapo na jirani. Kwa hiyo mwenye nyumba apakaye rangi mpya ukuta wa barabarani, huku mlango wa bafu ukiwa ni kipande cha gunia, ametupa fedha yake. Mwanamke atokaye kazini zamu ya usiku hataki kuoga nyuma ya gunia. Ataka mlango wa mbao wenye komeo kwa ndani, sakafu ya saruji yenye mteremko ili maji yasituame, na taa. Mambo hayo matatu ni kazi ya fundi mmoja kwa siku chache.

Baada ya choo ni maji. Tuseme nyumba ina watu 15, na kila mmoja hutumia ndoo mbili za lita 20 kwa siku: hizo ni lita 600. Tangi la lita 1,000 halitoshi siku mbili bomba likikauka, lakini litawaokoa siku ile ya kwanza, na mpangaji aliyewahi kuamka usiku wa manane kutafuta maji kwa ndoo anajua thamani ya siku moja.

Chumba chenyewe kinahitaji hewa kuliko mapambo. Kuanzia Desemba hadi Machi joto la pwani halina huruma, na bati lisilo na dari huugeuza usingizi kuwa adhabu. Dirisha moja peke yake halivuti upepo. Wazee wetu walijua hivyo, ndiyo maana waliacha matundu juu ya mlango wa ukumbini ili hewa ipite upande hadi upande. Leo wengi wameyaziba kwa matofali, sijui kwa faida gani. Yafunguliwe, yawekwe wavu wa mbu, na dirisha kadhalika.

Sasa tuje kwenye umeme, uliovunja ujirani mwingi. Nyumba nyingi zina mita moja ya LUKU, na wapangaji huchanga sawasawa. Pasi ya wati 1,000 ikitumika saa moja hula uniti nzima; balbu ya wati 10 yahitaji saa 100 kula kiasi hicho. Basi mwenye balbu humlipia mwenye pasi, na ugomvi huanza. Mita ndogo kwa kila chumba huumaliza. Tena kuna jambo ambalo wenye nyumba hulinyamazia. Mwaka 2021 kodi ya majengo ilianza kukusanywa kwa njia ya LUKU, kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Mpangaji anunuapo umeme na kukatwa, yapasa arudishiwe katika kodi ya chumba bila kuomba kama apewaye sadaka.

Twajua kwamba wenye nyumba wengi si matajiri. Wengi ni wafanyakazi waliostaafu, waliojenga chumba baada ya chumba kwa kiinua mgongo, na kodi ile ndiyo unga wao. Ndiyo maana hudai malipo ya miezi sita, au mwaka mzima, kwa mkupuo. Lakini mpangaji naye ni mfanyakazi apokeaye mshahara kila mwezi. Miezi sita yampasa akope, na dalali bado amngoja mlangoni akitaka mwezi wake mmoja. Tangu sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ilipofutwa mwaka 2005, mambo haya huamuliwa kwa mapatano. Basi yapatanwe kwa haki: miezi mitatu, mkataba ulioandikwa, na stakabadhi kila fedha ipokelewapo.

Mwenye nyumba na apige hesabu hii. Chumba cha shilingi 60,000 kikikaa kitupu miezi mitatu, shilingi 180,000 zimepotea, na mlango wa bafu bado ni gunia. Na aihesabu mapema, kabla ya masika ya mwezi wa Machi, apande pia kukagua bati. Kwa maana mpangaji aliyelala usiku kucha akikinga matone kwa sufuria hatangoja fundi wa mwezi wa Juni.