Samaki wa viraka: kazi ya kwanza kwa mama anayeanza kushona

Mifuko ya vipande vya kikwembe imejaa tena pembeni ya mashini zetu. Washonaji wengi huvitupa ama huwashia navyo makaa, na sisi huenda kuviomba kabla havijafika motoni. Kipande kisichotosha hata mfuko wa gauni kinatosha mkia wa samaki. Na hapa Bukavu, karibu mita 1,500 juu ya bahari, usiku wa mvua mtoto anataka kitu cha kumfunika, hata kama baba yake anasema hakuna baridi.

Juma hili tunawaeleza namna ya kushona mraba mmoja wenye samaki. Miraba ishirini ya namna hiyo inakuwa blanketi la viraka la mtoto mdogo. Tunaandika kwa ajili ya mama ambaye hajawahi kushona kitu kingine zaidi ya kurudisha kifungo.

Lakini kwanza tukiri kosa letu. Mwaka jana mwenzetu mmoja alikuwa karibu kujifungua, na tukapatana kumshonea mtoto blanketi. Kila mama alibeba vipande vyake nyumbani, ashone miraba miwili, airudishe siku ya posho. Siku ilipofika tukaitandika miraba yote mezani na tukanyamaza. Mmoja ulikuwa na urefu wa sentimita 26, mwingine 22. Hakuna hata mistari miwili iliyokutana. Mama mmoja kati yetu, ambaye miraba yake ilikuwa midogo kuliko yote, aliikunja akaitia kwenye kikapu, na hakurudi majuma matatu. Alifikiri mkono wake ndio mbaya.

Mkono wake haukuwa na shida. Sisi tuliokuwa tunafundisha hatukutoa kipimo kimoja cha mshono. Wengine waliacha nusu sentimita pembeni, wengine moja, yeye aliacha moja na nusu kwa sababu aliogopa kitambaa kisifumuke. Alishona vizuri na kwa nguvu kuliko wengi wetu. Tulikwenda kwake wawili, tukamweleza, na tukafumua pamoja naye. Leo yeye ndiye anayetunza patroni za katoni, na hakuna anayekata kitu bila kupitia kwake.

Kwa hiyo shikeni neno moja kabla ya sindano: kila mshono uko sentimita 1 kutoka ukingo wa kitambaa. Pima kwa rula, chora mstari kwa kipande cha sabuni kilichokauka, ushone juu ya mstari. Anayetumia mashini abandike utepe kwenye bamba la chuma, sentimita 1 kutoka sindano, kitambaa kipite kikigusa utepe. Anayeshona kwa mkono ashone mishono midogo, na kila mshono urudi nyuma kidogo kabla ya kwenda mbele. Itachelewa, lakini itadumu.

Kuhusu mnyama: wengi walitaka okapi, na tunawaelewa. Ni mnyama wa Kongo peke yake, msituni Ituri, na miguu yake yenye mistari inapendeza machoni. Lakini ile mistari ni mikanda myembamba mingi, na kila mkanda ni mishono miwili. Mwenye kuanza atachoka kabla ya kufika magotini. Samaki ana mwili na mkia tu, na mtoto wa ziwani anamtambua mara moja. Ni kweli samaki wetu ametoka mnene, anafanana na tilapia kuliko sambaza. Watoto wametucheka kwa hilo na tumewaacha wacheke.

Chagueni pamba. Kikwembe cha waksi ni kizuri kwa samaki, na kwa maji yanayomzunguka tafuteni kitambaa cha rangi moja, hata shuka la mtumba ambalo katikati limechakaa lakini pembeni bado ni zima. Fueni vyote viwili kabla ya kukata. Kikwembe kipya kinaweza kuruka kidogo na kutoa rangi, na ni afadhali kifanye hivyo kwenye beseni kuliko juu ya blanketi lililomalizika. Kisha pigeni pasi.

Sasa kukata. Kutoka kikwembe utakata vipande viwili: mwili, sentimita 18 kwa 14, na mkia, 8 kwa 14. Kutoka kitambaa cha maji utakata miraba midogo sita ya 7 kwa 7, na mikanda miwili ya 7 kwa 24. Utaona kwamba hakuna pembetatu hata moja. Hilo tumelichagua kwa makusudi, kwa sababu kitambaa kilichokatwa kwa mshazari kinavutika mkononi na mwenye kuanza anapoteza kipimo. Pembetatu zitatokea zenyewe.

Zinatokea hivi. Chukua mraba mdogo, chora mstari mgongoni mwake kutoka pembe moja hadi ya pili. Uweke juu ya pembe ya mwili, uso kwa uso, kingo zikilingana. Mstari uikate pembe ya mwili, yaani upite mbele yake kama mlango unaofungwa. Usielekee kwenye pembe yenyewe. Hapa ndipo karibu kila mama anakosea mara ya kwanza, na sisi bado tunakosea tukiwa tunaongea. Shona juu ya mstari. Kabla ya kushika makasi, kunja mraba mdogo kuelekea nje na utazame: je, pembe imefunikwa yote? Kama ndiyo, kata ziada ukiacha sentimita 1 nje ya mshono, kunja tena na upige pasi. Kama hapana, fumua. Hujapoteza kitu, kwa sababu hujakata.

Fanya hivyo kwenye pembe zote nne za mwili. Kwenye mkia ni pembe mbili tu, zile za upande mrefu utakaogusa mwili. Miraba miwili itakutana katikati bila kupandana, maana 7 na 7 ni 14. Ukimaliza, mwili lazima ubaki 18 kwa 14 na mkia 8 kwa 14, vile vile kama mwanzo. Pima. Usiseme inaonekana sawa.

Shona mwili na mkia pamoja kwenye upande wa 14. Sasa una samaki katika kipande cha 24 kwa 14. Shona mkanda mmoja juu na mwingine chini, piga pasi, na mraba wako uwe 24 kwa 24. Ukipata 23 na nusu, tafuta mshono ulionenepa kabla hujaanza mwingine. Ikiwa kikwembe kina ndege au maandishi, angalia mapema wasije wakalala kichwa chini, ingawa mwenzetu mmoja amewalaza hivyo na anasema samaki wake ameshiba.

Bado jicho. Msitumie kifungo, hata kilicho kizuri. Mtoto mchanga hutia kila kitu kinywani, na kifungo kilichong'oka usiku kinaweza kumkaba. Tarizi jicho kwa uzi mweusi, mizunguko michache, karibu na mdomo.

Miraba minne kwa mitano itatoa blanketi la sentimita 88 kwa 110, baada ya mishono kula sehemu yake. Katikati wekeni blanketi kuukuu, chini kitambaa kizima, na mfunge tabaka zote tatu kwa uzi mnene kwenye kila kona ambapo miraba inakutana, fundo mbili, mwisho wa uzi ukikatwa mfupi. Kingo mtazifunga kwa utepe wa kitambaa. Hilo la kingo tutalieleza juma lijalo, maana linahitaji nafasi yake.

Yule mtoto wa mwaka jana alipata blanketi lake akiwa tayari anakaa. Miraba yake miwili iliyofumuliwa iko safu ya chini, upande wa kushoto.

Siku ya posho patroni za katoni zitakuwa mezani kuanzia saa tatu asubuhi. Leteni makasi makali, na asiye na mashini aje tu na sindano.