Mwanajeshi aliyeachishwa kazi kwa maradhi ya akili ana njia ya kudai haki

MWANAJESHI anayeachishwa kazi baada ya madaktari kusema ana maradhi ya akili hurudi nyumbani na karatasi chache tu, na maneno machache katika mojawapo ya karatasi hizo ndiyo yanayoamua iwapo atalipwa fidia, atapata kazi kwingine au atavaa tena sare.

Katika Kaunti ya Machakos, kazi ya jeshi imekuwa fahari ya jamii tangu enzi za King's African Rifles. Jenerali Jackson Mulinge, aliyekuwa Mkuu wa Majeshi kuanzia 1978 hadi 1986, alitoka Kathiani. Katika mazingira hayo, kurudi kijijini na sifa ya "kichaa" ni aibu nzito, na jamaa wengi humshauri mhusika anyamaze kwa dhana kwamba jeshi halishtakiwi.

Dhana hiyo haina msingi.

Ni kweli Kifungu cha 24(5) cha Katiba ya 2010 kinaruhusu Bunge kupunguza baadhi ya haki za wanajeshi. Haki hizo zimetajwa moja baada ya nyingine: faragha, kujiunga na vyama, kukusanyika na kuandamana, mahusiano ya kikazi, haki za kiuchumi na kijamii, na haki za mtu aliyekamatwa. Orodha inakomea hapo. Haikutaja Kifungu cha 27, kinachokataza ubaguzi kwa misingi ya hali ya afya au ulemavu, wala Kifungu cha 47, kinachodai uamuzi wa afisi ya umma uwe wa haki na utolewe kwa sababu zilizoandikwa. Serikali ikitaka kubana haki hizo mbili, sharti iithibitishie mahakama kwamba kuna sababu ya kutosha. Isitoshe, Kifungu cha 260 kinapoeleza maana ya ulemavu kinajumuisha ule wa kiakili na wa kisaikolojia.

Hakuna anayepinga kwamba mtu asiyepata usingizi tangu shambulio la El Adde la Januari 15, 2016 huenda hafai kukabidhiwa bunduki. Swali ni jinsi alivyoondolewa. Je, alichunguzwa na madaktari ipasavyo? Alionyeshwa ripoti yao? Alisikizwa kabla ya uamuzi?

La kuangaliwa kwanza ni sababu iliyoandikwa. Mwanajeshi aliyeondolewa kwa kutofaa kiafya anaweza kudai kwamba maradhi yalitokana na utumishi, na hivyo kuomba fidia ya ulemavu. Aliyeandikiwa kwamba "huduma zake hazihitajiki tena" hana pa kushikia, kwani ugonjwa haukutajwa popote. Hata kampuni za ulinzi zinaposoma maneno hayo hushuku alikuwa mtovu wa nidhamu.

Hatua inayofuata ni kuomba nakala za ripoti za matibabu na sababu za uamuzi. Sheria ya Utekelezaji wa Haki katika Utawala ya 2015 inaipa afisi husika miezi mitatu kujibu ombi la sababu. Jeshi linaweza kukataa baadhi ya stakabadhi kwa hoja ya usalama wa taifa, lakini ni vigumu kuona vile matokeo ya uchunguzi wa mtu mmoja yanavyohatarisha taifa. Pamoja na hayo, ni vyema apate maoni ya daktari wa magonjwa ya akili asiye wa jeshi.

Sheria ya Jeshi la Ulinzi la Kenya ya 2012 ina utaratibu wa malalamishi, kuanzia kwa kamanda hadi ngazi za juu. Mlalamishi asiuruke, kwa kuwa sheria ya 2015 inaitaka mahakama imrudishe huko asipokuwa na sababu maalumu. Aliye bado kambini asiondoke bila ruhusa akisubiri jibu, kwani atafunguliwa mashtaka mapya.

Muda ndio hatari kubwa. Ombi la kubatilisha uamuzi chini ya utaratibu wa zamani hufungwa baada ya miezi 6, na madai ya mkataba dhidi ya Serikali baada ya miaka 3. Waliokuwa wanahewa wakati wa jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982 walifika kortini miongo kadhaa baadaye. Baadhi yao walilipwa fidia ya mateso, lakini kesi za wengine zilitupwa kwa kuchelewa.

Kuhusu kurejea jeshini, ukweli ni mchungu. Matangazo ya usajili wa makurutu yamekuwa yakitaka vijana wa kati ya miaka 18 na 26 walio na afya njema, kwa hivyo kupanga foleni upya si njia. Njia ni kuomba uamuzi wenyewe ubatilishwe, ingawa mahakama husita kumlazimisha kamanda kumpokea mtu na huona afadhali fidia.

Nchini Marekani, anayeachishwa hupewa alama inayoonyesha iwapo anaweza kusajiliwa tena, na zipo bodi maalumu za kurekebisha rekodi. Mnamo 2014, Waziri wa Ulinzi Chuck Hagel aliziagiza zizingatie kwa huruma maombi ya waliopatwa na kiwewe cha vita. Kenya haina bodi kama hizo, na ndiyo sababu mzigo huu huishia kortini.

Asiyemudu wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, akiwa na barua ya kuachishwa kazi na rekodi zake za matibabu.