Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, na mgonjwa aliyepasuliwa karibuni

Mara nyingi mshtuko wa moyo hutokea bonge la damu linapoziba mshipa unaolisha moyo. Hospitali zisizo na vifaa vya kuzibua mishipa hutumia dawa ya kuyeyusha bonge hilo, kama streptokinesi, kupitia dripu. Inafanya kazi vizuri zaidi saa chache za mwanzo. Baada ya saa 12 faida yake hupungua sana. Ndiyo maana utatuona tunakimbia.

Shida ni kwamba dawa hii haichagui. Inazunguka mwili mzima na kuyeyusha kila bonge inalokutana nalo. Sasa mfikirie mama aliyejifungua kwa upasuaji siku kumi zilizopita. Mshono umekauka, anaoga mwenyewe. Lakini ndani, kwenye kizazi, damu iliyoganda bado inasaidia kuziba mishipa iliyokatwa. Ikiyeyuka, anaweza kuvuja damu tumboni bila hata tone kuonekana nje. Ni vivyo hivyo kwa bibi aliyewekewa chuma kwenye nyonga. Aliyepasuliwa kichwa yuko hatarini zaidi, tena kwa miezi.

Kwa hiyo ndani ya wiki tatu baada ya upasuaji mkubwa, kwa kawaida madaktari huikwepa dawa hii. Njia iliyo salama zaidi ni kuzibua mshipa kwa mrija mwembamba unaopitishwa mkononi au kwenye kinena. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, hufanya hivyo. Kama ni mbali, daktari atapima hatari ipi ni kubwa zaidi, na hawezi kupima asichokijua.

Hapo ndipo unapohitajika wewe. Usingoje kuulizwa, ukifika tu mapokezi sema: "Huyu alipasuliwa tarehe fulani, sehemu fulani." Beba karatasi za kuruhusiwa hospitali. Kusafishwa kizazi nako kutaje, hata kama mama mkwe amesimama hapo. Mvute nesi pembeni. Taja pia kiharusi cha zamani, vidonda vya tumbo na dawa za kuzuia damu kuganda.

Mgonjwa akishapewa dawa hii, kaa naye. Akilalamika kichwa kinauma sana, ulimi ukiwa mzito, bandeji ikilowa damu au choo kikiwa cheusi kama lami, mwite nesi hapo hapo, hata kama ni usiku wa manane.